Somo la Redio kwa Watu Wazima: Mikondo Mipya ya Sanaa

Ndugu wanafunzi, mlioko Kidatu, Mkamba, Mang'ula, Ifakara na kokote bondeni mwa Kilombero mnakosikiliza, natumaini mmekwisha keti, daftari ziko wazi na kalamu zimechongwa. Walimu wa vikundi, tafadhalini wekeni ubao na chaki karibu, maana leo tutavihitaji.

Somo letu la leo ni la uchoraji na uchongaji. Najua yuko mmoja huko darasani anayeuliza moyoni, "Bwana Elimu, mimi nimekuja kujifunza kusoma na kuandika. Nina shamba la miwa, nina jaruba la mpunga. Picha zanihusu nini?" Swali hilo ni la haki, nami sitaki kulikwepa. Yako majibu mawili.

Jibu la kwanza: wengi wenu mnao watoto katika shule za sekondari. Mtoto anaporudi nyumbani na daftari lililojaa michoro, mzazi hukasirika na kusema kwamba mtoto anapoteza karatasi. Ni vema mzazi ajue kwanza kile anachokikataza.

Jibu la pili ni hili: nchi yetu ina mali mbili za sanaa zinazojulikana dunia nzima, yaani vinyago vya Kimakonde na picha za Tingatinga. Zimo katika majumba ya makumbusho na katika nyumba za watu Ulaya, Marekani na Japani. Lakini wengi wetu hapa tunazipita madukani bila hata kugeuza shingo. Mwenye mali asiyejua thamani ya mali yake hupunjwa na kila apitaye. Basi leo tujifunze kuzitazama.

Redio haina macho, kwa hiyo mtanisaidia. Nitakapoieleza picha, fumbeni macho kidogo na kuichora akilini.

1. MKONDO NI NINI?

Wavuvi wa mto Kilombero wanajua kwamba maji ya mto ni mamoja, lakini ndani yake imo mikondo. Mtumbwi ukiingia katika mkondo, unakwenda upande mmoja pamoja na kila kilichomo humo.

Katika sanaa nako ni hivyo. Mkondo wa sanaa ni watu kadhaa ambao, kwa wakati mmoja, wanaiacha desturi ya zamani ya kuchora au kuchonga na kushika njia mpya, kisha wengine wakawafuata. Mtu mmoja peke yake hafanyi mkondo. Lazima wawepo wafuasi.

Ukitaka kuuelewa mkondo wowote, uuliza maswali matatu. Walimu, yaandikeni ubaoni:

Kwanza: Walipata KIFAA gani kipya?
Pili: Walikuwa na SWALI gani jipya?
Tatu: Nani alikuwa MNUNUZI?

Tutayatumia maswali haya matatu kwa Wazungu, kisha kwa Waafrika wa Mashariki. Mtaona kwamba yanafaa kote.

2. MIKONDO MIWILI YA ULAYA

Twende kwanza Ufaransa, katika mji wa Paris, miaka mia moja na hamsini na zaidi iliyopita. Zamani zile mchoraji wa Ulaya alifanya kazi ndani ya nyumba. Rangi yake aliisaga mwenyewe au kusagiwa, na kuitia katika kibofu cha nguruwe. Ilikuwa vigumu kuichukua mbali. Tena kazi yake kubwa ilikuwa kuchora watu wakubwa na visa vya zamani, kila kitu kifanane kabisa na umbo lake.

Mambo mawili yakatokea. Mwaka 1839 ufundi wa kupiga picha kwa kamera ulitangazwa Paris. Mwaka 1841 Mmarekani mmoja, John Goffe Rand, alibuni kitubu cha bati laini cha kutilia rangi, kama vile tubu ya dawa ya meno. Basi kamera ilileta swali jipya: ikiwa mashine yaweza kunakili uso wa mtu, kazi ya mchoraji imebaki nini? Na kitubu kilileta uwezo mpya: sasa mchoraji aliweza kutia rangi zake mfukoni na kwenda kando ya mto, akachora papo hapo, huku jua likipanda na kivuli kikihama.

Mwaka 1874 wachoraji yapata 30 walifanya maonyesho yao wenyewe mjini Paris. Baadhi yao walikuwa wamechoka kukataliwa katika maonyesho makubwa ya serikali. Mmoja wao, Claude Monet, alileta picha ya bandari alfajiri. Fumbeni macho: ukungu wa buluu, jua jekundu dogo kama kaa la moto, na mashua mbili tatu zilizochorwa kwa mipigo michache tu ya burashi. Ukiisogelea unaona madoa ya rangi, na ukirudi nyuma unaona asubuhi.

Mwandishi mmoja wa gazeti, Louis Leroy, aliwacheka, akawaita Waimpreshonisti, yaani watu wa kuchora dokezo tu la kitu, si kitu chenyewe. Jina lilikuwa la dhihaka. Wao wakalipokea, na leo ni jina la heshima. Kumbukeni jambo hili, maana mara nyingi mkondo mpya huanza kwa kuchekwa.

Mkondo wa pili unatuhusu sisi zaidi. Mwaka 1907 kijana wa Kihispania aliyekaa Paris, jina lake Pablo Picasso, aliingia katika jumba la makumbusho la Trocadéro. Humo aliona vinyago kutoka Afrika. Hapo Ulaya wengi walivihesabu kuwa vitu vya ajabu vya watu washamba. Picasso aliona jambo jingine. Aliona kwamba mchongaji Mwafrika hakunakili uso. Alichagua. Paji la uso alilikuza, macho akayafanya matundu mawili, pua akaifanya mstari mmoja, na uso ukawa na nguvu kuliko uso wa kweli.

Mwaka huohuo Picasso alichora picha kubwa ya wanawake watano, na nyuso za wawili kati yao zafanana na vinyago. Baada ya hapo yeye na mwenzake Georges Braque wakaanza kuvunja vitu vipande vipande katika picha, uso ukaonekana kwa mbele na kwa ubavuni kwa pamoja. Mkondo huo uliitwa Kubizimu, na jina hilo nalo lilitokana na maneno ya kubeza, kwamba picha zao ni masanduku matupu.

Basi ndugu zangu, mtu akikuambia kwamba sanaa ya kisasa ni ya Wazungu na Mwafrika ameiiga, mjibu kwa adabu kwamba mwalimu mmoja wa Picasso alikuwa mchongaji wa Afrika, ambaye jina lake halikuandikwa. Kinyago kilichukuliwa, jina likaachwa. Mambo ya namna hii tutakutana nayo tena.

3. MAKERERE: TUJIFUNZE KWA NANI?

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1937 mama mmoja Mwingereza, Margaret Trowell, alianza kufundisha uchoraji huko Makerere, Uganda. Kwanza alifundisha barazani kwa nyumba yake. Baadaye darasa likakua likawa shule ya sanaa ya Makerere, na hata leo shule hiyo ina jina lake. Wanafunzi walitoka Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar.

Bibi Trowell hakutaka wanafunzi wake wanakili picha za Ulaya. Aliwaeleza kisa kwa maneno, kisha akawaambia wakichore kama wanavyokiona akilini, kwa watu na nchi wanayoijua. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London.

Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Sam Ntiro, aliyezaliwa mwaka 1923 huko Machame, Kilimanjaro. Ntiro alichora maisha ya kijijini: watu wakivuna, wakichimba, wakijenga, migomba imejaa picha nzima. Nyuso za watu wake hazina alama nyingi. Ukizitazama picha zake huulizi huyu ni nani, unaona kwamba wanafanya kazi pamoja. Jumba la Museum of Modern Art la New York lina picha yake ya mwaka 1956, ya watu wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi wakati wa usiku. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Ntiro huyu huyu akawa balozi wetu London. Wazazi mnaosema uchoraji ni kazi ya wavivu, andikeni jina hilo.

Mwingine alikuwa Gregory Maloba wa Kenya. Yeye ndiye aliyeifanya ile sanamu ya uhuru iliyosimama mjini Kampala tangu mwaka 1962, ya mtu ambaye mwili wake umezongwa, naye anamwinua mtoto juu kuelekea mbinguni.

Na wa tatu ni Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu mwaka 1932. Mwaka 1959 alichora ukutani, katika kanisa kuu la Murang'a huko Kenya, maisha ya Yesu tangu kuzaliwa hata kusulibiwa. Lakini watu ni Waafrika, na vilima ni vilima vya Kenya. Kanisa lile lilikuwa ukumbusho wa watu waliokufa katika miaka ya vita vya Mau Mau, kwa hiyo waumini walipotazama ukutani waliiona huzuni yao wenyewe. Mwaka 1965 yeye na wenzake walifungua jumba la sanaa mjini Nairobi wakaliita Paa ya Paa. Ninyi mnaojifunza kusoma, angalieni uzuri wa jina hilo: paa ni mnyama, na kupaa ni kwenda juu. Maandishi ni mamoja, maana ni mbili.

Mwaka 1958 Bibi Trowell alistaafu, akafuatwa na Cecil Todd. Huyu aliona tofauti. Alisema wanafunzi wasifungiwe, wajifunze pia sanaa ya Ulaya, rangi zake na ufundi wake wa kisasa. Hapo lilizuka swali ambalo halijaisha hata leo: je, msanii wa Afrika akijifunza ya Ulaya anapotea, au anaongeza nguvu?

Watu wa Kidatu wanaweza kulijibu kuliko wengi. Hapa kwenu zimekutana reli mbili. Reli inayotoka Kilosa ina upana wa milimita 1000, na reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1067. Tofauti ni ndogo kuliko upana wa kiganja, lakini behewa la reli moja haliwezi kuingia tu katika reli ya pili. Ndiyo maana pakajengwa mahali pa kushusha mizigo na kuipakia upya. Ujuzi wa kigeni nao ni hivyo. Ntiro alisoma London, lakini mzigo aliushusha, akaupakia upya katika migomba ya Machame. Asiyetaka kuupakia upya huanguka njiani.

4. WACHONGAJI WA KIMAKONDE

Makerere ilikuwa shule. Sasa tutazame mikondo miwili iliyoanzishwa na watu wasio na shule ya sanaa hata kidogo, kama mlivyo ninyi.

Wamakonde ni watu wa pande zote mbili za mto Ruvuma. Tangu zamani walichonga vinyago vya kuvaa usoni katika ngoma za jando, na sanamu za mama. Wengi wao walivuka kutoka Msumbiji kuja Tanganyika kufanya kazi, hasa katika mashamba ya mkonge. Watu wa mashamba ya miwa mnayajua maisha hayo: umetoka mbali, unakaa kambini, unachanganyika na makabila mengine. Baadhi yao wakafika Dar es Salaam, wakaanza kuchonga ili kuuza.

Hebu tuulize maswali yetu matatu. Kifaa? Kilikuwa mpingo, ule mti mgumu mweusi. Zamani walichonga sana kwa miti laini. Mpingo ni mzito, hauliwi na mchwa kwa urahisi, na ukisuguliwa hung'aa kama chuma. Mnunuzi? Walikuwa wageni na watalii, kupitia wafanya biashara. Mmoja wao, Mohamed Peera wa Dar es Salaam, alianza katika miaka ya 1950 kuwanunulia na kuwatia moyo watafute mambo mapya. Na swali? Swali lilikuwa hili: je, niendelee kuchonga kile kile, au nitoe kilichomo ndani yangu?

Wakatoa mambo makubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Samaki Likankoa alianza kuchonga mashetani: viumbe vyenye jicho moja, au mdomo uliopinda, au mkono uliotoka kichwani. Katika simulizi za wazee, shetani si lazima awe mbaya, aweza kuwa mkorofi, mchekeshaji au msaidizi. Mchongaji huyo hakunakili kitu kilichoonekana kwa macho. Alikipa umbo kitu kilichosikika katika hadithi tu.

Roberto Yakobo Sangwani, naye aliyetoka Msumbiji, alichonga nguzo ya watu waliopandana. Kwanza mtindo huo uliitwa dimoongo, kwa sababu ulionyesha mshindi wa mieleka akiinuliwa na wenzake. Siasa ya Ujamaa iliposhika nchini, hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mtindo huo ukajulikana kwa jina la Ujamaa. Fumbeni macho mwuone: gogo moja tu la mpingo, na ndani yake babu, mama, watoto, mmoja ameshika mguu wa mwingine, mmoja anatwanga, mmoja ananyonyesha. Hakuna aliyegundishwa kwa gundi. Wote ni mti mmoja. Ukimtoa mmoja, aliye juu yake ataanguka.

Kisha ukaja mtindo wa tatu uitwao Mawingu, ulioanzishwa na Clements Ngala. Humo huoni mtu wala shetani. Unaona umbo linalojikunja na kupita, kama moshi au wingu. Wazungu walifika hapo baada ya vitabu vingi na mabishano mengi, wakaita sanaa isiyo na umbo la kitu. Mchongaji wetu alifika kwa tezo na tupa.

5. EDWARD SAIDI TINGATINGA

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru. Alisoma kidogo. Kama wengi wa wakati wake, alikwenda Tanga kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, kisha akaja Dar es Salaam, akafanya kazi mbalimbali za mikono. Mwaka 1968 akaanza kuchora picha.

Kifaa chake kilikuwa nini? Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye somo. Kitambaa cha wachoraji kilikuwa ghali. Yeye alichukua hadibodi, ule ubao mwembamba wa kufungia dari, akaukata vipande vya mraba, kila upande yapata sentimita 60. Rangi za wachoraji zilikuwa ghali. Yeye alitumia rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Ifakara, mji wa baiskeli, rangi hiyo mnaijua: inang'aa, inakauka ngumu, na maji hayaidhuru.

Rangi ile haikubali kuchanganywa ovyo wala kupakwa taratibu kama wanavyofanya wengine. Kwa hiyo akapaka ubao mzima rangi moja. Ulipokauka, akachora juu yake mnyama mmoja, chui au ndege au tembo, kwa mistari safi na madoadoa mengi. Mnyama anaijaza picha hata mkia hukunjwa ili uenee. Shida ya kifaa ikazaa mtindo.

Picha zake ziliuzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay, na wanunuzi walikuwa hasa wageni waliokaa mtaa ule. Zikapendwa. Akawaita ndugu na jamaa akawafundisha, miongoni mwao Simon Mpata, Ajaba Abdallah Mtalia na January Linda. Huo ndio uliokuwa mkondo: kulikuwa na mmoja, sasa wakawa kundi.

Mwaka 1972 Tingatinga alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 40, na kuchora alichora miaka minne tu. Wanafunzi wake hawakutupa burashi. Waliendelea, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika kwa jina lake. Leo jina Tingatinga limekuwa jina la sanaa nzima, na wengi wanaolitaja hawajui kwamba lilikuwa jina la mtu.

Mwaka huohuo wa 1972 ilianzishwa Nyumba ya Sanaa mjini Dar es Salaam, ambapo vijana waliweza kufanya kazi na kuuza. Mmoja aliyeajiriwa pale alikuwa Mmakonde, George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934. Kwanza aliwekwa kuwa mlinzi. Akawaonyesha alivyovichonga, naye akahamishiwa kwenye kazi ya sanaa. Lilanga aliwachukua mashetani wa mpingo akawatia katika picha za rangi, wenye masikio makubwa na matumbo ya mviringo, wanacheza, wanagombana, wanakwenda hospitali na sokoni, kama sisi. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington. Alifariki mwaka 2005, akiwa mmoja wa wasanii wa Afrika wanaojulikana sana duniani.

6. SWALI LA MNUNUZI

Sasa nawaomba mrudi ubaoni mlitazame swali la tatu. Kwa Wamakonde, mnunuzi alikuwa mgeni. Kwa Tingatinga, mnunuzi alikuwa mgeni. Kwa Lilanga, kadhalika. Mgeni huyo si adui. Fedha yake ilisomesha watoto na kujenga nyumba. Lakini mnunuzi ndiye anayeagiza, na anayeagiza ndiye anayeamua.

Mtalii ana siku chache. Anataka tembo na mlima Kilimanjaro, apeleke nyumbani. Kesho anakuja mwingine, anataka tembo yule yule. Mchoraji ana watoto wanaotaka kula, basi anamchora tembo yule mara mia. Mkono wake unazoea, moyo wake unalala. Mkondo uliokuwa ukienda kwa nguvu unakuwa dimbwi. Simlaumu mchoraji. Nauliza: sisi tulikuwa wapi? Nani kati yetu amewahi kumwambia mchoraji, "Nichoree ukataji wa miwa. Nichoree mama anavyopepeta mpunga. Nichoree maporomoko ya Sanje yanavyoonekana baada ya mvua"?

Na mpingo vile vile. Mti huu unaota katika misitu ya mkoa wetu wa Morogoro na ya kusini. Unakua polepole mno: huchukua yapata miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Hautakiwi na wachongaji peke yao. Ulaya wanautumia kutengenezea zumari za bendi, nazo ni za bei kubwa. Anayekata mpingo mchanga kwa ajili ya mkaa anachoma gogo ambalo mjukuu wake angelichonga. Hapa sanaa si jambo la starehe tena. Ni jambo la shamba, la msitu na la urithi.

Sisemi kila mtu anunue picha kubwa. Nasema tuanze kwa kutazama. Hapa Kidatu mnao watu wanaochora vibao vya vinyozi na vya hoteli. Mnao mama wanaosuka mikeka ya ukindu na kupanga rangi zake. Mnao vijana wanaopamba baiskeli. Mtazame mmoja wao kwa makini, umuulize maswali matatu: umetumia nini, unataka kusema nini, na nani anakununulia? Utashangaa kwamba anayo majibu. Mtu anayeulizwa maswali mazuri hufanya kazi nzuri zaidi.

Na mtoto aliyejaza daftari kwa michoro, usimchapie hilo. Mwambie amalize hesabu kwanza, kisha umuulize, "Hiki ulichochora ni nini?" Ukae usikilize jibu lake.

7. KAZI YA DARASA

Walimu wa vikundi, redio ikinyamaza fanyeni hivi. Kila mwanafunzi achore kwa penseli au chaki mnyama mmoja anayemjua, kwa mistari michache kabisa, ajaze ukurasa mzima kama alivyofanya Tingatinga. Asifute. Chini yake aandike jina la mnyama, jina lake mwenyewe na tarehe. Kumbukeni yule mchongaji ambaye jina lake halikuandikwa. Ninyi sasa mnajua kuandika, basi msiache kazi yenu bila jina.

Kisha mzungumze juu ya maswali haya:

1. Mkondo wa sanaa ni nini? Toa mfano mmoja wa Ulaya na mmoja wa Tanzania.
2. Kamera na kitubu cha rangi viliwabadilisha vipi wachoraji wa Ufaransa?
3. Kwa nini Tingatinga alitumia hadibodi na rangi ya baiskeli? Vifaa hivyo viliubadilisha vipi mtindo wake?
4. Eleza tofauti ya vinyago vya Ujamaa, vya Shetani na vya Mawingu.
5. Bibi Trowell na Bwana Todd walitofautiana katika jambo gani? Wewe unamuunga mkono nani, na kwa sababu gani?
6. Kama ungekuwa na fedha ya kumwagiza mchoraji picha moja ya bonde la Kilombero, ungemwambia achore nini?

Swali la sita ndilo ninalolitaka zaidi. Majibu yake yaandikwe kwa mwandiko safi, sentensi tatu au nne, na walimu wayakusanye. Baadhi yake tutayasoma redioni katika somo lijalo.

Nawatakieni masomo mema. Kwaherini.